Themostati ya kaka wa Leicester na hita ya maji ya Gungu

SWALI: Habari za kazi, fundi. Naandika kutoka Gungu, Kigoma. Tuna hita ya maji ya umeme, lita 80, kibandiko chake kinasema wati 2000, na kirungu chake cha joto kiko kwenye 75. Tuko watano: mimi, mume wangu na watoto watatu. LUKU ya 60,000 siku hizi inaishia tarehe 24, na mume wangu anasema mchawi ni hita. Kaka yangu yuko Leicester, Uingereza. Miaka kadhaa nyuma aliboresha mfumo wa kupasha joto nyumba yake, akaweka themostati ya kuongozwa kwa simu, na anasema bili ilishuka sana. Sasa amenunua nyingine mpya, ile ya zamani ametutumia: Nest ya kizazi cha pili, pamoja na kiboksi chake cha Heat Link. Fundi wa mtaani anasema kazi ni ya nusu saa, anakata waya wa hita anaupitisha humo. Nimruhusu? Na kama haifai, nifanyeje hita yangu nayo iongozwe kwa simu?

JIBU: Usimruhusu, dada.

Fundi wako hajadanganya kwamba waya zitaingia. Zitaingia, maji yatapata moto, na wiki ya kwanza mtamsifu. Shida iko ndani ya kile kiboksi. Heat Link ina relei ndogo, yaani swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme, iliyotengenezwa kubeba ampea 3, kwa sababu kazi yake huko ilikotoka ni kuiambia boila ya gesi iwashe au izime, na amri kama hiyo inapita kwenye mkondo mdogo sana wa umeme. Hita yako ya wati 2000 kwenye volti 230 inavuta ampea 8.7, karibu mara tatu ya uwezo wake. Vile vidole vya relei vikizidiwa huwa vinapiga cheche kila vinapoachana, vinapata moto, na siku moja vinashikana moja kwa moja. Hapo themostati itaandika kwamba imezima, ilhali hita inaendelea kuvuta. Au plastiki inaanza kuyeyuka ukutani wakati nyie mmelala. Kati ya hayo mawili sijui lipi ungelichagua.

Hata tukisema tunaweka kontakta, yaani relei kubwa ya mizigo mizito, katikati ili relei ile ndogo isizidiwe, bado kifaa hicho kinapima kitu kisichokuhusu. Themostati ya Nest inapima hewa ya chumba. Kwa kaka yako, boila inachemsha maji, pampu inayazungusha kwenye rejeta za ukutani, rejeta zinapasha vyumba, na themostati iliyo sebuleni au koridoni inasema "imetosha" hewa ikifika digrii 20 au pale alipoiweka. Kwako Gungu, hewa ya koridoni haishuki chini ya 20 ila alfajiri chache za kiangazi. Ukiiweka kwenye 20, haitawasha hita kamwe. Ukiiweka kwenye 32, ambayo ndiyo mwisho wake, karibu haitaizima kamwe. Haijui kabisa kama maji ndani ya tangi ni ya baridi au yanakaribia kuchemka. Kizazi cha tatu cha Nest kiliongezewa ratiba ya tangi la maji moto, lakini hata hicho kinaamrisha boila na valvu. Hakikukusudiwa kubeba elementi ya hita, kile chuma kinachopasha maji ndani ya tangi.

Kuna na la tatu, ambalo huenda ndilo lililomfanya kaka yako anunue mpya. Google, ambao waliinunua Nest mwaka 2014 kwa dola bilioni 3.2, walikata huduma ya mtandao kwa Nest za kizazi cha kwanza na cha pili tarehe 25 Oktoba 2025. Ukutani bado zinazunguka kwa mkono na ratiba iliyomo inaendelea, ila simu haiziongozi tena. Kwa hiyo hicho mlichotumiwa, ule ujanja wake wa simu umeshaondoka. Lizingatie hili utakapokwenda dukani kununua chochote kinachotegemea seva ya kampuni iliyo mbali: kifaa ni chako, amri ya kukiongoza kwa simu ni yao.

Kwa nini kwa kaka yako bili ilishuka

Naeleza hili kwa sababu ndilo linalowapoteza watu wengi wanaoletewa vifaa vya ndugu walio Ulaya. Kaka yako hapashi maji ya kuoga tu, anapasha nyumba nzima: kuta, sakafu, hewa ya kila chumba, kwa karibu nusu mwaka. Joto hilo linavuja usiku na mchana kupitia madirisha, dari na nyufa za milango. Kabla ya themostati hiyo, inawezekana boila ilikuwa ikipasha nyumba isiyo na mtu tangu wanapokwenda kazini hadi wanaporudi. Themostati ikijua hawapo, inaacha nyumba ipoe. Akipunguza digrii moja, inapungua kwa nyumba nzima. Pesa aliyookoa imetoka hapo, kwenye joto jingi lililokuwa linapotea bila mtu wa kulitumia. Serikali ya kwao nayo imelitilia mkazo jambo hili: tangu Aprili 2018, ukifungiwa boila mpya ya kombi (ile inayopasha nyumba na maji ya bomba bila tangi) katika England, sheria inataka iambatane na nyongeza mojawapo ya kubana matumizi, na themostati inayojirekebisha yenyewe ni mojawapo.

Halafu huko wapo wanaolipa umeme wa bei mbili, wa mchana na wa usiku. Mpango wao wa zamani unaoitwa Economy 7 unatoa saa saba za bei nafuu usiku, kwa hiyo kuhamisha saa ya kuchemsha maji peke yake ni pesa. Sisi kwenye LUKU ya nyumbani hatuna kitu hicho. Uniti ya saa nane usiku na uniti ya saa mbili jioni zina bei moja: kwa mteja wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, ni shilingi 292, na ukiweka kodi na tozo inafika kama 356. Mtu akikuambia uchemshe maji usiku wa manane kwa sababu umeme ni rahisi, amesoma makala ya nchi nyingine.

Kwako kinachopashwa ni lita 80 tu. Basi tuzihesabu.

Uniti zako zinaliwa wapi

Kanuni moja inatosha: uniti moja ya umeme inapandisha lita 860 za maji kwa digrii moja. Maji ya bomba Kigoma yanatoka ziwani, na Ziwa Tanganyika juu juu halina ubaridi wa kutisha. Nachukua digrii 24 kama maji yanayoingia kwenye tangi. Maji ya kuoga yanayopendeza ni kama 40. Tofauti ni digrii 16.

Mtoto anayeoga kwa ndoo ya lita 20 na kopo anatumia uniti 0.37. Watoto watatu, uniti 1.1 kwa siku. Mtu mzima anayesimama chini ya bomba la mvua dakika sita, na bomba lenyewe linamwaga lita 8 kwa dakika, anatumia lita 48, sawa na uniti 0.9. Wawili nyie, uniti 1.8. Jumla ya kuoga ni kama uniti 2.9 kwa siku, 87 kwa mwezi, shilingi elfu thelathini na moja hivi. Kama bomba lenu la mvua ni lile pana linalomwaga lita 12, au mmoja wenu anaimbia humo dakika kumi na tano, hesabu inapanda na wewe unajua ni nani.

Juu ya hapo kuna uniti zinazopotea bila mtu kuoga. Tangi la moto ni sawa na chupa ya chai: hata ikiwa nzuri namna gani, chai inapoa. Tangi la kawaida la lita 80 lililokaa moto saa 24 linapoteza kati ya uniti 1 na 1.5 kwa siku. Kwa kuwa lako liko kwenye digrii 75, nachukua 1.4. Kwa mwezi ni uniti 42, shilingi 15,000.

Ukijumlisha, hita inakula kama uniti 129. LUKU ya 60,000 inayoishia tarehe 24 maana yake mwezi mzima ni kama 75,000, yaani uniti 210 hivi, ukiweka kando kodi ya jengo inayokatwa humo humo. Mumeo ana haki. Zaidi ya nusu ya umeme wenu unaingia kwenye tangi hilo.

Lakini tazama mgawanyo wake, dada. Themostati janja, taima, simu, chochote cha kuwasha na kuzima, kinaweza kugusa zile uniti 42 tu. Zile 87 zinatoka bombani pamoja na maji, na hakuna programu ya simu itakayokurudishia maji yaliyokwisha kuingia kwenye mtaro.

Usiamini namba zangu kwa sababu nimeziandika. Hita za aina moja zinatofautiana, na yenu inaweza kuwa imefungwa nje kwenye upepo. Pima. Usiku wote wakishaoga, acha hita ichemshe mpaka taa yake ndogo izimike yenyewe, kisha izime kwenye swichi ya ukutani. Asubuhi, kabla mtu hajafungua bomba la moto, chomoa friji na zima vingine vyote, soma uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU, washa hita peke yake, subiri mpaka taa izimike tena, soma mita. Tofauti hiyo ndiyo joto lililovuja usiku mmoja. Kwa saa tisa za usiku mimi natarajia kama nusu uniti. Ukipata uniti moja au zaidi, tangi limelowa ndani ya gamba lake, sponji ya kuzuia joto haifanyi kazi tena, na hakuna swichi ya kulitibu.

Anza na kirungu cha joto

Digrii 75 ni nyingi mno kwa nyumba yenye watoto. Maji ya 60 yanaweza kuunguza ngozi vibaya kwa sekunde tano hivi; ya 75 hayasubiri hata hizo. Mweleze fundi ashushe mpaka 60. Kwa kushusha tu, upotevu unapungua kwa karibu theluthi, kutoka uniti 42 hadi 29 kwa mwezi. Ni shilingi 4,500 hivi kila mwezi, bila kununua kitu. Jambo hili linataka bisibisi moja na dakika kumi, na umeme uzimwe kwenye saketi breka kwanza, maana kirungu kwenye hita nyingi kiko nyuma ya kifuniko chenye waya wazi.

Usishawishike kushuka mpaka 45 ili kubana zaidi. Kuna bakteria wanaoitwa Legionella, waliogunduliwa baada ya mlipuko wa ugonjwa wa mapafu huko Philadelphia mwaka 1976, na wanastawi kwenye maji yaliyotulia ya uvuguvugu, kati ya digrii 20 na 45. Mtu anawavuta kwa pumzi pamoja na ukungu wa bomba la mvua. Kwenye 60 wanakufa. Basi tangi libaki 60, na mchanganyo wa baridi ufanyike bombani. Kama watoto wanajifungulia wenyewe, kuna valvu ya kuchanganya inayofungwa kwenye mdomo wa tangi ili yasitoke ya zaidi ya 45 au 50. Hiyo ningeinunua kabla ya kifaa chochote cha simu.

Pili, kichwa cha bomba la mvua. Ukiweka kinachotoa lita 6 kwa dakika badala ya 8, na nyie wawili mkioga dakika nne badala ya sita, uniti zenu za bomba la mvua zinapungua nusu: uniti 27 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 9,000. Hakuna themostati itakayokupa hiyo.

Tatu, na hili ni la Kigoma kabisa: kama hita yenu inapokea maji kutoka kwenye simtanki jeusi la juu ya nyumba, maji hayo saa kumi jioni yameshapigwa na jua mchana kutwa na yanafika 30 na zaidi. Watoto wakioga jioni badala ya alfajiri, nusu ya kazi imeshafanywa na jua. Wenzetu wa Tabora, ambao alfajiri ya Juni na Julai wanakuta maji ya simtanki yamepoa kabisa, wanalifahamu hili bila mtaalamu.

Sasa hiyo ya simu

Baada ya hayo, kidhibiti kizuri kinaweza kupunguza zile uniti 29 zilizobaki kwa theluthi mpaka nusu, kwa kuacha tangi lipoe saa ambazo hakuna anayeoga. Ni shilingi 3,500 hadi 5,000 kwa mwezi. Ukitumia laki moja na nusu kwa vifaa na fundi, itachukua kama miaka mitatu kuirudisha. Si hasara, lakini usitarajie miujiza ya Leicester. Faida kubwa kwangu mimi ni nyingine: mko Kasulu kwenye msiba wa siku tatu, unakumbuka njiani kwamba hita imebaki inawaka, unaizima ukiwa ndani ya basi.

Kwa wati 2000 nunua swichi janja ya kufungwa ndani ya boksi la breka, iliyoandikwa ampea 20 au zaidi. Zile ndogo za ampea 16 zinazouzwa kwa bei ya kutupa zinabeba taa na feni vizuri, ila mzigo wa hita unaovuta saa nzima na nusu bila kupumzika unazipasha mpaka zinabadilika rangi. Hita ikiwa ya wati 3000, swichi iamrishe kontakta, na kontakta ndiyo ibebe mzigo. Ila jioni umeme ukishuka, koili ya kontakta inasumbua: nyingi zinataka angalau asilimia 85 ya volti zake, kama 195 hivi. Umeme ukiwa 180 utasikia inanguruma na kutikisika kama nyuki kwenye kopo. Ikifika hapo izime mpaka umeme utulie, la sivyo vidole vyake vitaungua. Kwenye volti hizo 180 hita yenyewe inabaki na nguvu ya wati 1225 tu, kwa hiyo maji yanachelewa. Uniti haziongezeki, muda ndio unaongezeka. Usiite fundi kubadilisha elementi nzima.

Watu wengi wanauliza kwa nini wasiweke taima ya kawaida ya kuzungusha, ambayo ni rahisi zaidi. Ningewashauri hivyo kama umeme ungekuwa haukatiki. Taima ile inazunguka kwa umeme wenyewe. Ukikatika saa mbili, saa yake inabaki nyuma saa mbili. Baada ya wiki moja ya kukatika-katika, hita iliyopangwa kuwaka alfajiri inawaka saa nne asubuhi nyumba ikiwa tupu. Kigoma ya jenereta za dizeli ilitufundisha hivyo, na hata baada ya mkoa kuunganishwa kwenye gridi ya taifa somo halijaisha. Nunua taima ya kidijitali yenye betri ndani, au hiyo swichi janja inayopata saa kutoka mtandaoni. Hapa ndipo ujanja wa mtandao unalipa kweli.

Ukishafunga swichi janja, fungua mipangilio yake utafute kinachosema itakuwaje umeme ukirudi. Nyingi kiwandani zimewekwa ziwake. Maana yake kila TANESCO wakirudisha umeme, hata saa saba usiku, hita inaanza kuchemsha lita 80 ambazo hakuna anayezihitaji. Weka ibaki imezimwa, isubiri ratiba. Mipangilio hiyo midogo peke yake nimeona ikitofautisha nyumba mbili zenye swichi ya aina moja.

Hakikisha pia ratiba inahifadhiwa ndani ya swichi yenyewe, isiwe inaletwa na simu kila siku, ili bando likiisha au ruta ikizima hita iendelee na utaratibu wake. Swichi hizi nyingi zinasoma waifai ya gigahezi 2.4 tu, kama ruta yako inatoa mbili, ziunganishe na hiyo. Na jaribu kuzima intaneti siku moja kwa makusudi uone kama asubuhi maji ni ya moto. Hilo ndilo jaribio la kufanya kabla fundi hajalipwa chake cha mwisho.

Saa za kuwasha zinatokana na hesabu, si kubahatisha. Lita 80 kutoka 25 mpaka 60 zinahitaji uniti 3.3, na hita ya wati 2000 inazitoa kwa saa moja na dakika arobaini. Wa kwanza anaoga saa kumi na mbili asubuhi? Iwashe saa kumi na robo, izime saa kumi na mbili. Jioni, dakika arobaini au hamsini zinaweza kutosha kwa sababu tangi halijapoa lote. Kumbuka tu, kwa sababu ya wale bakteria, ratiba iliache tangi lifike 60 mpaka taa izimike angalau mara moja kwa siku. Usiwe unalipasha dakika ishirini ishirini likabaki vuguvugu wiki nzima.

Ambavyo fundi asiguse

Themostati iliyomo ndani ya hita ibaki ilivyo, pamoja na kile kikatishaji cha usalama chenye kitufe kidogo cha kubonyeza. Swichi janja inakaa mbele yake, kwenye njia ya umeme, haikai mahali pake. Nimewahi kuona kazi ambayo fundi aliunganisha waya moja kwa moja kwenye elementi ili "simu ifanye yote". Siku relei inapokwama, hapo hakuna kitu kingine cha kusimamisha maji yasipite digrii 100 ndani ya chuma kilichofungwa, na kinachofuata hakiitwi kuvuja. Kwa sababu hiyo hiyo ile valvu ndogo inayodondosha maji hita ikipata moto isizibwe. Kudondosha matone wakati wa kuchemsha ndiyo kazi yake. Iwekee kabomba ka kupeleka maji nje.

Ethi nayo. Muulize akuonyeshe fimbo ya ethi ya nyumba ilipo, kwa macho yako. Wapo mafundi ambao wakikosa ethi wanaiunganisha na nyutro, na siku nyutro inakatika kwenye nguzo, bomba la kuogea linakuwa na umeme mtu akiwa amelowa. Kuwe na breka ya kuvuja umeme ya miliampea 30 kwa ajili ya hita, na uibonyeze kitufe chake cha kujaribia kila mwezi, isipokata, ibadilishwe. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, na hiyo leseni aionyeshe, asiielezee.

Wakati hita iko wazi, aangalie elementi. Maji ya ziwa letu yana madini, utaona ukoko mweupe kwenye birika lako. Ukoko huo kwenye elementi hauli uniti kama wengi wanavyodhani, kwa sababu joto lote bado linaishia kwenye maji, lakini unaifanya elementi ijichome yenyewe mpaka ipasuke. Aukwangue, na abadilishe fimbo ya anodi kama imeliwa, kwani ndiyo inayoliokoa tangi na kutu.

Kama mna mpango wa sola

Ukiniuliza pesa ya kununulia ujanja niipeleke wapi, ningesema weka akiba uelekee hita ya jua. Kigoma na Tabora zote zina jua la kutosha sehemu kubwa ya mwaka. Hapo ndipo kidhibiti kinapata kazi ya maana: tangi la sola lenye elementi ya umeme ya akiba lisiruhusiwe kutumia umeme asubuhi, kwa sababu likishachemshwa alfajiri, jua linachomoza linakuta halina la kufanya. Elementi iruhusiwe kuanzia saa kumi na moja jioni tu, na iwake endapo kihisi cha joto kinaonyesha maji hayajafika 50 au 55. Siku za jua haitawaka kabisa. Masika ndiyo utaiona ikiwaka.

Kuhusu kaka yako, mrudishie salamu na kazi moja ya kufanya. Aulize boila yake maji inayoyapeleka kwenye rejeta ni ya digrii ngapi. Boila nyingi za kombi za kwao zinaachwa kwenye 70 au 80 tangu siku zilipofungwa, ilhali zinabana gesi vizuri pale maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta yakiwa chini ya 55, kwa sababu ndipo mvuke ulio kwenye moshi unapogeuka kuwa maji na kuirudishia boila joto lake. Ashushe hadi 60 au 55, aone kama vyumba bado vinapata joto la kumtosha kwenye baridi. Kifungo hicho kiko kwenye boila yenyewe, na yeyote anayeishi humo anaweza kukizungusha.

Hiyo Nest mliyotumiwa iwekeni kando. Msimpe mtu aifunge kwenye hita ya jirani. Na fundi wa mtaani mwambie kwa heshima kwamba kazi ipo, ila ni ya kushusha kirungu mpaka 60, kupima ethi na kusafisha elementi. Hiyo nayo haimalizi nusu saa.